Matairi ya Meno ya Mokaya

Mokaya alikuwa na seti mbili za matairi, na soko zima la Migori lilijua kila seti ni ya nini. Yale yaliyokwisha kuwa vipara yalikuwa ya kiangazi. Yale yenye meno makubwa aliyatundika stooni ili mawe ya barabara kavu yasiyale bure, akayafunga masika yalipokaribia. Mimi niliuza chai mkabala na stoo hiyo, na nilimtania kwamba anayatunza kuliko nguo zake za kanisani.

Alikuwa mtu wa Kisii, Msabato kwelikweli, aliyekuja kwetu na lori kuukuu kuuza ndizi. Jua la Ijumaa likishazama, hakugusa hata spana. Sisi Wakatoliki tulimcheka, ila tulimheshimu.

Mwaka uliofuata uhuru, mvua iliwahi. Ilianza Ijumaa jioni, jua limeshazama, na matairi ya meno yangali yametundikwa.

Asubuhi akaja mbio Nyabuto, jirani yetu aliyesali kanisa moja na Mokaya. Mkewe, Jerusha, alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza tangu jana yake, na mkunga alikuwa amesalimu amri.

"Ndugu Mokaya, tupeleke hospitali Homa Bay," alisema.

Mokaya alikuwa amevaa shati jeupe, Biblia mkononi. Hakusita. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori.

"Baba Monari, hiyo matairi ya meno si ufunge kwanza?" nikamwambia Mokaya, nikimwita kwa jina la mwanawe. "Huko mbele ni udongo mweusi."

"Kupeleka mgonjwa ni huruma, Mungu anaruhusu," alijibu. "Kufungua nati za gurudumu ni kazi, na leo ni Sabato. Tutaenda polepole, Mama Helen."

Nusura nimtupie birika. Badala yake nilipanda nyuma nimshike Jerusha.

Hadi Rongo barabara ya changarawe ilitubeba vizuri. Tulipokata kushoto kuelekea ziwani, udongo mweusi ukaanza. Vipara vilijaa tope, lori likateleza kama sabuni, na magurudumu ya nyuma yakazama mtaroni. Nyabuto na Mokaya walisukuma, wakatia majani, wakatia mawe. Jerusha alipiga kelele, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitisha. Wakulima wa hapo walileta ng'ombe wao wa plau wakatuvuta, lakini jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika hospitalini. Jerusha aliokolewa. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekwisha kufa tumboni.

Hakuna aliyemlaumu Mokaya waziwazi. Nyabuto alisema ni mapenzi ya Mungu, na nadhani maneno hayo yalimchoma Mokaya kuliko matusi.  Jerusha akimwona sokoni, alivuka upande wa pili.

Mokaya alivitupa vipara vyote. Alifunga matairi ya meno masika na kiangazi, mawe yakayala, akanunua mengine. Madereva wenzake walimwita mwendawazimu. Mimi niliyekuwa nikimtania kuliko wote, sikuweza tena.

Miaka miwili ikapita. Januari moja, vumbi limejaa soko zima, Mokaya alikuwa akikaza nati za gurudumu nilipomwona Jerusha akija, tumbo limekuwa zito. Hakuvuka upande wa pili. Alisimama kando ya lori, akainama kwa shida, akapitisha kiganja juu ya meno ya tairi, moja baada ya jingine.

"Hata kiangazi unafunga haya?" aliuliza.

"Hata kiangazi."

"Na siku ya Sabato, ikipata pancha?"

Mokaya aliitazama spana mkononi mwake. "Nitafungua nati, mama. Hata Sabato."

Jerusha alijifuta vumbi kiganjani.

"Basi, Baba Monari, siku yangu ikifika, ni wewe utanipeleka."

Mokaya alilia pale pale, mbele ya soko zima, na spana yake mkononi.