Kanga Nyekundu Iliyotoka Nyeusi

"Usiniletee mlango mwingine," aliniambia tajiri wangu, Mgoa mwenye duka la picha, huku akivipitia vioo vyangu vya kupigia picha vya wiki ile kama mtu anayechagua samaki walioanza kunuka. "Milango ninayo mpaka naiota. Abiria wa meli akitaka mlango, atauona mwenyewe akipita. Wewe ni mgeni hapa. Nenda kanionee kitu."

Nilikuwa mgeni kweli. Nimezaliwa Lamu, skuli nilisoma Adeni alikokuwa baba yangu karani, kazi ya picha nikajifunzia Bombay, na kila nilipofika nilikaa mpaka nikasikia sifa za mahali pengine. Unguja nilikuja kwa wiki mbili, nikakaa miaka minne. Tajiri aliniajiri nimtafutie picha za kadi, zile wanazonunua abiria kuwapelekea jamaa zao, nami kwa mwezi mzima nilikuwa nikimpelekea milango. Sikumwambia sababu. Sababu ni kwamba ilinikumbusha kwetu. Nilikuwa nikizunguka mji wa watu na sanduku la picha begani, nikitafuta Lamu.

Baada ya maneno yale nilijilazimisha kutazama vitu ambavyo havikunikumbusha chochote. Nilipiga picha ya mitalawanda na makubadhi yaliyoachwa mlangoni mwa msikiti wa Malindi wakati wa adhuhuri, jozi baada ya jozi, kila kiatu kimeelekea upande wake. Nilipanda punda mpaka Uroa, nikawapiga picha wanawake wakifukua makumbi ya nazi waliyoyazika mchangani, wayapigepige yawe usumba wa kusokotea kamba. Wao walinicheka sana kwa kusafiri njia yote ile kutazama makumbi. Tajiri akaipenda picha ya makumbi. Ya viatu akairudisha. "Nani atanunua viatu asivyoweza kuvaa?" akasema.

Asubuhi moja, nikikata vichochoro vya Malindi, nikasikia juu ya kichwa changu mlio kama mvua kubwa inayonyesha kwa kufuata ngoma. Nikauliza. Wakaniambia ni wapiga sakafu. Nyumba ile ilikuwa ikitiwa dari jipya, na chokaa na kokoto zikishamwagwa hupigwa kwa virungu vidogo siku tatu mfululizo mpaka zishikane. Mwenye nyumba, Mwarabu mmoja mzee mpole, aliniruhusu kupanda.

Juu nilikuta wanawake kama ishirini wamechuchumaa safu mbili, wanapiga kwa pamoja na kuimba. Aliyewaimbisha alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, sauti yake ingefika Bububu. Niliposimamisha miguu mitatu ya kamera na kujitia kichwa chini ya kitambaa cheusi, aliubadilisha wimbo hapo hapo, akiniita Mwamu, mtu wa Lamu, kwa kunisikia lafudhi.

"Mwamu kajifunika, ameona haya!"

"Haya, haya!" safu zikaitikia, virungu vikashuka.

"Kaja kutazama watu, kafumba macho yake!"

"Haya, haya!"

Nilicheka mpaka kamera ikatikisika. Lakini picha ilipotoka haikufaa kwa kadi. Kioo kilihitaji nihesabu mpaka tatu, na katika hesabu hiyo virungu vilipanda na kushuka mara tano. Watu walitoka ishirini, mikono hakuna. Hata hivyo niliichapa, na siku ya tatu nikawapelekea waitazame.

"Mimi sina mikono!" mmoja akapiga kelele. "Jamani, ujira wangu nitaupokelea nini?"

"Wewe hata kabla ya picha hukuwa na mikono," mwimbishaji akamjibu. "Tangu juzi tunakupigia sisi."

Kicheko kilipokwisha akanivuta pembeni, na sauti yake kubwa ikawa ndogo.

"Nimesikia unakwenda Mombasa."

Ilikuwa kweli. Tajiri alikuwa akinituma na meli ya Ijumaa nikamchukulie masanduku ya karatasi na rangi yaliyoshushwa huko kwa makosa.

"Basi nipige mimi peke yangu," akasema. "Ntasimama, sitikisiki. Halafu unipelekee picha kwa ndugu yangu."

Akanieleza kwa maneno machache, kama watu wa rika lake wanavyoyaeleza mambo hayo. Yeye na dada yake walikuwa watumwa wa nyumba moja. Bwana alipokufa warithi wakagawana, dada akapelekwa Mombasa, yeye akabaki Unguja. Miaka ikapita bila habari, utumwa ukaondolewa, kila mtu akashika njia yake. Mwezi uliopita tu baharia mmoja alimletea salamu: dada yu hai, anauza mbaazi na maandazi nyuma ya soko la Mombasa.

"Mara ya mwisho kuniona," akasema, "nlikuwa msichana, nimejifunga kaniki kuukuu. Sasa n'na kanga yangu. N'nataka anione nayo."

Kwa vijana watakaosoma haya niseme hili: kaniki, ile nguo nyeusi isiyo na ua wala pambo, ndiyo waliyovishwa watumwa. Walipoachwa huru wengi waliitupa, na kanga ya kwanza aliyojinunulia mtu mwenyewe haikuwa nguo tu.

Jumanne nikavuka daraja kwenda kwake Ng'ambo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na majirani wakaanza kumiminika. Huyu kaleta mwavuli aushike, huyu kiti cha Kihindi, huyu saa ya ukutani iliyokufa zamani. Vyote akavikataa. Akatoka ndani amevaa doti yake, kanga nyekundu yenye maua makubwa ya manjano, mpya, bado inanuka duka. Akasimama mbele ya ukuta wa udongo, kidevu juu. Nikahesabu tatu. Hakupepesa hata jicho.

Usiku ule niliisafisha picha kwa haraka, bila kufikiri, na asubuhi nikaichapa juani na kuipeleka. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza, akaitenga.

"Nani huyu?"

"Wewe, bibi."

"Mimi nlivaa kanga," akasema. "Huyu kavaa kaniki."

Ndipo nilipotazama. Sura ilikuwa nzuri, mabega yale yale, kidevu kile kile, lakini kuanzia kifuani mpaka miguuni alikuwa mweusi tupu. Hakuna ua hata moja. Mtu wa kazi yangu nilipaswa kulijua jambo hilo kabla hajasimama. Nilifundishwa Bombay, tena siku ya kwanza, nami niliusahau ufundi wangu kwa sababu ya kuvutiwa na ile kanga.

"Kioo hakioni nyekundu," nikasema. "Wala manjano. Rangi hizo kwake ni giza tu. Buluu ndiyo huiona nyeupe."

"Kioo chako kina ngoa," jirani mmoja akasema. "Hakipendi kuona mtu kapendeza."

Wengine walicheka, yeye hakucheka. Akaigeuza picha kifudifudi juu ya mkeka. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na meli ilikuwa ikiondoka Ijumaa asubuhi.

Ili kupoza mambo nikasema tuzijaribu kanga nyingine. Mtaa mzima ukatoka na nguo. Tukafunga kamba kutoka mpapai hadi pembe ya kibanda, tukatundika kanga tisa, nami nikatumia kioo kimoja kwa hizo tu. Jioni niliporudi na picha, ulizuka mchezo wa kubahatisha ambao sijauona tena popote.

"Hii hapa ndiyo yangu ya zambarau!"

"Zambarau gani, hiyo ya mama mwenye ng'ombe!"

"Jamani, yangu ya manjano imekuwa gunia la makaa!"

Iliyotoka vizuri kuliko zote ilikuwa ya jirani yule aliyesema kioo kina ngoa, nyeupe yenye madoa meusi. Papo hapo akaianua kwenye kamba.

"Chukua, shoga. Vaa hii, upigwe tena kesho."

Mwimbishaji akaikunja vizuri, akamrudishia. "Nakushukuru, shoga yangu. Lakini nimtumie dada nguo ya jirani? Akija kuniona siku moja aniulize iko wapi, nimwambie nini? Doti yangu nimeipigia sakafu za nyumba tatu. Kama hanioni nayo, basi tuache. Nipelekee salamu za mdomo."

Niliona analimaliza jambo, nami sikutaka limalizike. Nikamwambia zipo rangi za kupaka juu ya picha. Mke wa tajiri huwapakia wateja wakubwa vilemba na majoho kwa brashi ndogo. Tatizo moja tu: katika kisanduku chake nyekundu ndiyo iliyokwisha, na nyekundu nyingine ilikuwa ndani ya masanduku yale yale niliyokuwa nayaendea Mombasa.

Akanitazama kama anayetazama mtoto asiyeona kitu kilicho mbele ya pua yake.

"Nyekundu tu?" akasema. "Unakwenda Mombasa kufuata nyekundu?"

Akazunguka nyuma ya nyumba. Akarudi na matunda mawili ya mzingifuri, yale yenye manyoya kama vitoto vya nungunungu. Akalipasua moja kwa kidole, na mbegu zilikuwa nyekundu kuliko kitu chochote nilichopata kukiona dukani.

Sasa ilibaki kazi yangu. Ukipaka nyekundu juu ya nyeusi hupati kitu ila nyeusi yenye mafuta. Picha huchapwa kwa jua kupenya kioo na kuipiga karatasi iliyo chini yake, na panapopigwa zaidi ndipo panapoiva na kuwa peusi. Ilinibidi nichape picha ambayo sura imeiva na kanga ni mbichi. Alhamisi tangu jua lilipopanda nilikuwa juu ya dari la duka, nimekata karatasi kwa umbo la ile kanga, naikinga kwenye kioo na kuisogezasogeza isiweke alama, sura iachwe ipate jua. Ya kwanza ilitoka mtu anayeelea juu ya wingu. Ya pili nilichelewa kuitoa juani, na ya tatu ikaharibika vile vile. Tajiri alipanda mara mbili kutazama ninachokitafuta, akashuka. Ya nne ikawa: uso umekoza, kanga rangi ya jivu jepesi, mikunjo yake yote ipo.

Alasiri nikaipeleka. Alikuwa ameshatengeneza kila kitu. Zingifuri ameichanganya na mafuta ya nazi ndani ya kifuu, bizari ya manjano ndani ya kifuu cha pili, na miswaki miwili mipya ameitafuna ncha mpaka imekuwa laini. Nikamwuliza kama anataka nimpakie.

"Umeivaa wewe?" akasema.

Akaketi mkekani na kupaka mwenyewe, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Mkono uliokuwa ukishusha kirungu siku tatu bila kuchoka ulikwenda polepole kama wa mtu anayetia wanja. Majirani walimzunguka, kila mmoja fundi.

"Ua la kushoto umelisahau."

"Sikulisahau, bado sijafika."

"Pindo, pindo limepita kwenye mguu!"

"Mguu ni wangu, nautia rangi nipendavyo."

Alipomaliza akaiinua juani. Kanga ilikuwa nyekundu, maua ni ya manjano, na juu yake ilikuwa sura ya mwanamke asiyepepesa. Akaimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa Mwamu aliyejifunika, na majirani wakaitikia, "Haya, haya."

Nilipopitia dukani kuchukua mizigo, tajiri aliitaka aione. Akaipeleka dirishani, akaitazama sana.

"Hii ndiyo niliyokuwa nikikutaka uone," akasema. Kisha akanirudishia. "Na hii si ya kuuza."

"Si ya kuuza."

"Nilijua tu," akasema, akarudi kwenye vioo vyake.

Mombasa sikupata taabu. Nyuma ya soko niliuliza mwuza mbaazi, nikaelekezwa kwa mwanamke mwembamba aliyekuwa na mabega yale yale, ila juu ya mwili mdogo. Wateja watatu walikuwa wakingoja. Nilimwamkia, nikamweleza natoka kwa nani, nikamkabidhi. Akapangusa mikono, akaifungua ile karatasi niliyoizungushia, akatazama kwa muda mrefu mpaka mteja mmoja akagonga bakuli lake.

"Kanenepa," akasema hatimaye.

Nikangoja.

"Pua ya mama. Tazama, kaichukua pua ya mama yote, mimi hakuniachia hata kidogo." Akapitisha kidole juu ya kanga, taratibu, kutoka kifuani mpaka kwenye pindo. Mafuta ya nazi hayakauki upesi, na kidole kilitoka chekundu. Akakinusa. "Zingifuri! Kapaka mwenyewe, sivyo?"

"Mwenyewe."

"Najua. Kapita mpaka kwenye mguu. Tangu utoto hajui kukomea mwisho wa kitu." Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake, ndipo nilipoamini kabisa kwamba ni ndugu. Machozi yalimtoka akayafuta kwa mkono usiofaa, akabaki na mstari mwekundu shavuni, na wateja nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Kisha akaniangalia, akaliangalia sanduku la kamera begani mwangu.

"Na mimi n'nayo kanga," akasema. "Ya kijani. Kioo chako kinaona kijani?"

"Hakioni, bibi. Kitaiona nyeusi."

"Basi keti hapo," akasema, akaufunika mtungi wa mbaazi. "Naenda kuchuma kisamvu."

Nikafungua miguu mitatu ya kamera pale pale nyuma ya soko, na wateja wakangoja na mabakuli yao.