Siku mama yangu alipoishika karatasi kichwa chini mbele ya karani wa kura, Tabora enzi za Mwingereza

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Wale wa umri wa wajukuu zangu, marahaba mapema. Najua mtaniamkia, basi tuokoe muda. Nimepita miaka themanini na naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa hiyo herufi ikiruka mnisamehe.

Juzi mwanachama mmoja alianzisha uzi akidai bibi zetu wa enzi za mkoloni hawakujua lolote kuhusu kura, na kwamba hata ukiwapa karatasi wasingejua upande wa juu ni upi.

Nilicheka peke yangu. Kuhusu huo upande wa juu nina ushuhuda. Nitausimulia ulivyokuwa, pamoja na sehemu inayoniaibisha mimi mwenyewe.

Twende taratibu.

Kwetu ni Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara. Babu mzaa baba alibeba pembe za ndovu hadi pwani akarudi kwa miguu. Baba alifuata njia ileile kwa treni, akaenda kukata mkonge Tanga. Mama alibaki na shamba la karanga, kuku, na kanisa lake la Kimoravian.

Mimi nililelewa na shangazi pale Isevya, Tabora mjini, ili niwe karibu na shule. Kwihara nilikuwa nafika likizo tu. Lishikeni hilo, lina maana mbele.

Kila nilipokwenda likizo nilikuwa na tatizo moja Jumapili. Mama alikuwa na kitabu chake cha nyimbo, na alikishika kichwa chini. Msalaba wa kwenye jalada ulining'inia kama popo. Na yeye anaimba kwa sauti, macho kitabuni, anafungua kurasa kwa wakati wake.

Wasichana wenzangu waliona. Mmoja aliwahi kuninong'oneza, "Nyimbo za mama yako zinatembea kwa mikono."

Nikaamua moyoni kwamba mama hajui kusoma, amekariri tu, na kitabu anakishika ili aonekane. Sikumuuliza. Nilikuwa nakaa mbali naye kidogo, basi.

Sasa, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza ikatangazwa kura. Ilikuwa kura ya ajabu, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na si kila mtu aliruhusiwa. Uwe umetimiza umri, na uwe unajua kusoma Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua alitakiwa awe na kipato ambacho kijijini kwetu hakuna aliyekiona, au cheo.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasoma chuo cha ualimu, Kiswahili na Kiingereza vyote ninavyo. Umri ukanikatalia.

Likizo hiyo, jioni ya Ijumaa, mama akaniambia tukiwa tunabangua karanga, "Kesho tunakwenda mjini. Nina mambo manne. Barua ya kwenda kwa baba yako ifike posta, kioo cha taa ya chemli, asali ya shangazi yako, na kujiandikisha."

"Kujiandikisha nini?"

"Kura. Kesho ndiyo mwisho."

Wakuu, picha ikanijia palepale. Nilimwona mama amesimama mbele ya karani, watu wamejaa, ameshika karatasi kama anavyoshika kitabu kanisani.

Nikamwambia, "Mama, wanapima watu kusoma."

"Nimesikia," akasema, akaendelea na karanga.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Jumamosi ofisi zilikuwa zinafungwa saa sita mchana. Nikapanga safari ile kama mtu anayepanga kuchelewa.

Tulitoka Kwihara alfajiri, mama mbele na kikapu kichwani, mimi nyuma na kibuyu cha asali. Kila tuliyekutana naye nilisimama naye kumsalimu, mwangaluka, za nyumbani, watoto, ng'ombe, mpaka mama akawa anageuka kuniangalia. Mjini nikasema tuanze posta, palikuwa na foleni ndefu. Barua ya baba ilikuwa imefungwa tayari na anwani imeandikwa vizuri. Nilidhani mwinjilisti wa kanisa lake ndiye aliyemwandikia.

Kisha nikamvuta dukani kwa kioo cha chemli. Nikavikagua vioo vyote vya duka lile. Hiki kina mapovu. Hiki kimepinda. Hiki mdomo ni mdogo. Mwenye duka akaniuliza kama nanunua kioo au nachagua mume.

Mama akachukua kile cha kwanza kabisa, akakifunga kwenye kanga, akatoka. Nilipomfikia barabarani alisema bila kunitazama, "Umeshaniwekea vikwazo viwili. Cha tatu usiweke."

Nikamfuata.

Tulifika saa tano na nusu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, na foleni ilitoka hadi barazani. Nyuma yetu akasimama bwana mmoja wa makamo, fundi wa reli, mikono bado ina grisi. Aliposikia tunavyozungumza akajua sisi ni Wanyamwezi. Yeye alikuwa Mzaramo, na kwa wasiojua, Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Hapo hakuna salamu, ni kurushiana maneno.

"Nanyi mmekuja?" akasema. "Kura ni karatasi tu, nyepesi. Mtaiangusha. Ninyi mmezoea pembe."

Mama hakugeuka. "Mzigo tulikuwa tunawaletea ninyi. Tukifika pwani tunawakuta mmelala, tunawaamsha mje mpokee."

Foleni yote ikacheka. Yule fundi alifurahi kama amepewa zawadi.

Ikafika zamu yetu. Karani alikuwa kijana, shati jeupe, nywele amezichana njia pembeni. Mbele yake palikuwa na daftari kubwa la kuorodhesha waliofika. Alimuuliza mama jina, kijiji na kazi, akaandika. Kisha akampa karatasi iliyochapwa, tangazo la masharti.

"Soma hapo, mama."

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza kichwa chini.

Karani alimtazama, akatabasamu. Akatutazama sisi wa foleni ili tutabasamu naye. Wapo waliotabasamu.

"Mama, karatasi umeishika kichwa chini."

"Naona," mama akasema. "Nianzie juu?"

"Juu ipi?" Karani akacheka, akaichukua karatasi mkononi mwa mama kabla mama hajaanza kusoma. "Basi mama, pumzika. Nenda kalime salama. Anayefuata."

Akachovya kalamu, akaandika neno kwenye daftari.

Nilimshika mama mkono. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, twende. Tafadhali twende." Mimi mwalimu mtarajiwa, mwanawe wa kumzaa, hicho ndicho nilichokuwa nacho cha kumsaidia.

Mama hakusogea. Alikuwa analitazama daftari lililo mbele ya karani. Mnaelewa lilivyokaa? Lilimwelekea karani. Kwetu sisi tuliosimama ng'ambo ya meza, maandishi yote yalikuwa miguu juu.

Akaanza kusoma, kwa sauti ile ya kanisani.

"Ishirini na tisa, fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, anasoma. Thelathini, mpishi, anasoma kidogo." Akavuta pumzi. "Thelathini na moja. Ruti binti Maganga. Kwihara. Mkulima. Hajui kusoma."

Mama akainua macho.

"Thelathini na moja ndiye mimi?"

Karani aliufunika ukurasa kwa kiganja.

Yule fundi wa reli akasema nyuma yetu, taratibu kabisa, "Toa mkono, bwana karani. Msomaji hajamaliza."

Nilisikia watu wa barazani wakiulizana kumetokea nini, na wa ndani wakiwaeleza. Karani akababaika, "Labda amekariri."

"Wino haujakauka," fundi akasema. "Amekariri saa ngapi?"

Karani akafikiri kidogo, kisha akaligeuza daftari limwelekee mama, nadhani alitaka kuwa mwungwana. "Haya mama, soma tena. Sasa limekaa vizuri."

Mama akalitazama, akalirudisha lilivyokuwa.

"Umenigeuzia, mwanangu. Hivi ndivyo ninavyoona."

Hapo hata karani mwenyewe alicheka, na safari hii hakucheka kwa dharau. Akampa tena tangazo la masharti. Mama akaligeuza kichwa chini, akalisoma lote, sharti kwa sharti, bila kukwama. Alipofika kwenye lile la kujua kusoma akalisoma mara mbili.

"Sasa kata ulichoandika," akasema.

Karani akakata. Akaandika "anasoma", akaweka herufi za jina lake pembeni. Akampa mama fomu ya kujiandikisha, akavuta kidau cha wino wa dole gumba kwa mazoea. Mama akamwomba kalamu. Na hapa karani alichanganyikiwa tena, maana mama aliiweka fomu kama watu wote tunavyoiweka, akatia sahihi jina lake lote.

Tukiwa tunatoka, fundi akamwambia, "Mnyamwezi, mzigo umefika."

"Zamu yako," mama akamjibu. "Usiuangushe."

Wakuu, nilitembea pale Tabora mjini kama niliyevikwa taji, ingawa sikulistahili. Nilimbebea kikapu. Nilitaka kila tunayepishana naye ajue.

Isevya, shangazi alitupikia chai ya maziwa na mihogo. Nilipomsimulia aliweka kikombe chini. "Wifi yangu kusoma? Barua zote za kaka, unadhani nani anazijibu?"

Nilikuwa peke yangu, kumbe, katika ujinga wangu.

Alasiri tukaenda uwanjani. Jumamosi Tabora ilikuwa siku ya mpira, na mama aliupenda mpira kuliko alivyokubali. Vijana wa reli walikuwa wanacheza na vijana wa sokoni. Yule fundi alikuwepo, akatuona, akawaambia waliokaa kwenye benchi, "Mpisheni mpiga kura." Mama akakaa, akafungua karanga zake, akampa kiganja kimoja. Vijana wa reli walifungwa, na mama akamwuliza kama Wazaramo wanahitaji wapagazi wa kuwabebea mpira.

Kurudi Kwihara jua likiwa linapungua makali, ndipo nilipopata ujasiri.

"Mama, kwa nini unasoma kichwa chini?"

Akanieleza.

"Nilipokuwa msichana, Mjerumani ameshaondoka, misheni kwetu walifungua darasa. Kitabu kilikuwa kimoja. Mwalimu anakiweka mkekani katikati. Wavulana wanakaa upande wake, nyuma ya mabega yake. Sisi wasichana tulikuwa tunatoka kuchota maji, tunafika tumechelewa, tunakaa upande uliobaki. Ng'ambo. Herufi ya kwanza niliiona hivyo, na zote zilizofuata. Kuandika nilijifunza mwenyewe mchangani, ndiyo maana kalamu yangu iko sawa."

"Na hukuwahi kutaka kubadilisha?"

"Kwa nini? Maneno ni yaleyale."

Tulifika karibu na nyumba za kwanza za Kwihara. Nikasema, "Mimi nilidhani unaigiza."

"Najua."

"Ulijua?"

"Ulikuwa unahama benchi kila Jumapili." Hakuwa na hasira. "Nilikuwa nasubiri uniulize. Wewe ndiye msomi, nikasema ipo siku ataniuliza."

Jumapili iliyofuata nilikaa naye benchi moja, nikaimba kutoka kitabu chake. Nilipotea ubeti wa pili. Akaniwekea kidole kwenye mstari.

Siku ya kura yenyewe nilikuwa chuoni. Ilinijia barua yake, mwandiko ule niliouona kwenye bahasha ya posta. Mwishoni aliandika, "Nimepiga. Wote watatu. Karani ni yuleyule, alinipa karatasi ameshaigeuza."

Nilipoanza kazi ya ualimu nilipewa darasa lenye kitabu kimoja kwa watoto sita. Niliwakalisha duara, na kila baada ya ukurasa niligeuza kitabu, ili kila mtoto apate zamu ya kukiona kilivyosimama. Wakaguzi waliniuliza mbinu hiyo nimefundishwa chuo gani. Nikawajibu Kwihara.

Ninachoweza kuwaachia ni hiki. Nilisomea kazi ya kujua nani anajua kusoma na nani hajui, na nilikosea kwa mtu aliyenizaa, kwa sababu tu niliona aibu kuuliza swali moja. Ukikutana na mtu ameshika kitabu kichwa chini, usikimbilie kucheka. Muulize alikaa upande gani wa mkeka.

Na wewe mwenye uzi wa juzi, sina ugomvi nawe mjukuu wangu. Upande wa juu mama hakuujua kama unavyoujua wewe. Ila alisoma.

Nimemaliza. Mwenye bibi au babu aliyejifunza kusoma kwa njia ya ajabu aweke simulizi yake hapa chini. Na kama kuna mjukuu wa fundi wa reli wa Kizaramo humu ndani, ajitokeze. Nina maneno yake, nimeyatunza muda mrefu.