Kompyuta ilinambia leo Idi, nikakaanga mahamri watu wamefunga

Wakuu na wajukuu zangu humu, asalaam aleikum.

Nawaona mwabishana AI na biashara, wakubwa waitumiaje, wadogo tuitumieje. Bibi yenu nami nina langu, na wallahi siongezi chumvi.

Miaka ya tisini nlikuwa nauza mahamri Timbwani. Kila Idi majirani huniwekea oda, asubuhi wachukua ya moto.

Taabu ya mahamri, unga waukanda usiku ndio uumuke. Sasa mwezi hujajua kama umeandama, ukande usikande?

Binti ya ndugu yangu, Mwanasha, alikuwa karani kwa tajiri mmoja wa unga, ng'ambo ya feri. Huyo tajiri akanunua kompyuta. Enzi hizo, wanangu, yafunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Yamwambia unga gani wakaribia kwisha.

Mwanasha akanijia mbio. "Shangazi, mashine imepiga hesabu. Idi ni kesho."

Basi sikungoja mtu. Nikakanda unga wote, nikalala fofofo, hata ngoma ya daku sikuisikia.

Alfajiri karai limeshika moto, harufu ya iliki imejaa mtaa. Hodi mlangoni. Jirani yangu Bi Time, mtu mzima kunishinda. Nikampa shikamoo na mkono wa Idi.

Mkono hakuupokea.

"Una mgonjwa humo ndani, mwanangu?"

Nikamwambia sina, mashine imesema leo Idi.

"Na hiyo mashine ilisimama wapi ikauona mwezi?"

Wakuu, redio ilishatangaza jana yake kwamba mwezi haukuonekana. Mtaa mzima wamefunga, mie nawakaangia puani.

Nikazima moto, nikajifunika buibui uso.

Kumbe tajiri mwenyewe alikuwa amekaa na redio kama watu wote. Hata unga, kompyuta ikishasema, atuma mtu ghalani akatazame. Mwenye mashine aipima, mie niliyesimuliwa nikaimeza nzima.

Jioni Bi Time akawapitia majirani. Wakaja wote, wakanunua yaliyopoa wakafuturia. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo haya iliponila.

Idi ikaja, unga sina. Nikapita kuwapa mkono, nakuta watu watafuna mkate wa dukani.

Wakanambia mtamu.

Tumieni hizo AI, siwakatazi. Lakini neno likiwagusa wateja wenu, ulizeni na mtu pia.

Haya, nani mwengine mashine imemtia aibu? Semeni, msiniache peke yangu.