Barua Niliyomsomea Fundi wa Gatwekera

Keti kidogo unisikilize, msomaji wangu, maana jambo la leo lina urefu wake na sipendi likupite. Jumanne nilikuwa sokoni Kawangware nikichagua maharagwe, nikasikia naitwa na mama mmoja muuza makaa, ambaye zamani alikuwa akiuzia kule Silanga, Kibera, karibu na bwawa. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei tu, "Mwalimu, mbona hukuonekana kwa matanga ya Fundi?" Ndivyo nilivyojua kwamba jirani yangu wa zamani amekufa. Ugonjwa wa kifua ndio uliomchukua, na alikuwa amekwisha kuzikwa kwao, upande wa ziwa, wiki tatu zilizopita. Mjane wake anaijua nyumba yangu. Hakumtuma mtu. Nilirudi nyumbani bila maharagwe, nimejaa uchungu wa mtu aliyetupwa na watu wake, na ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba uchungu huo si wangu peke yangu.

Miaka ya sabini ilipoanza, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba cha udongo na mabati huko Gatwekera, Kibera. Fundi alikaa chumba cha pili na mkewe na watoto wawili. Kazi yake ilikuwa kujenga vyumba kama vile vyetu: kusimamisha fito, kukandika udongo, kuezeka. Miezi mingi alikuwa mtu kama mimi na wewe, anakwenda kazini na kurudi, Jumapili anakwenda kanisani na shati lake jeupe. Kisha yalikuja majira ambapo kichwa chake kilipanda. Mwaka mmoja mwenye ploti wa Kabiro, upande wa Kawangware, mmoja wa wale walioachiwa shamba na baba zao na sasa wanapanda vyumba badala ya mahindi, alimpa kazi ya safu ya vyumba sita. Fundi aliimaliza kabla mafundi wengine hawajakubaliana nani akachote maji. Alikuwa juu ya fito kabla majirani hawajachemsha chai, akipiga mluzi, akitania wapita njia. Mwenye ploti aliwaleta wenzake kumtazama. "Hawa wengine wanalala," akawaambia. "Huyu ni mashine." Vyumba vilipokwisha, mashine haikuzimika. Alianza kuchonga milango ambayo hakuna aliyeiagiza, akachimba msingi wa chumba cha saba katikati ya njia ya watu. Baada ya hapo akashuka. Mwezi mzima alilala ameelekea ukuta, hali chakula mpaka abembelezwe, na mkewe akituambia ni malaria. Mwenye ploti yule yule alikuja akasimama mlangoni, akatangaza kwamba mvivu ni mvivu tu, hata umsifu vipi.

Nakueleza haya polepole kwa sababu hapa ndipo wengi tunapokosea. Tulidhani tunaona watu wawili: fundi hodari na fundi mvivu. Kumbe tulikuwa tunaona ugonjwa mmoja wenye vipindi viwili. Katika kipindi cha kupanda, mgonjwa halali na wala hachoki, maneno yanamtoka mengi na kwa haraka, anaanza mambo kumi kwa mara moja, na anajiona anaweza kila kitu. Katika kipindi cha kushuka, hata kuvaa viatu ni mlima. Kati ya vipindi hivyo ni mzima kabisa, na ndiyo maana watu hawaamini kwamba anaumwa. Sisi tulikipenda kipindi cha kwanza kwa sababu kilitufaa, tukakidharau cha pili kwa sababu hakikutufaa. Mimi niliyekuwa nalipwa kufundisha watoto wa watu sikuona zaidi ya yule mwenye ploti.

Alipopanda tena, mwaka uliofuata, alipanda mpaka akatuponyoka. Alikuwa hajalala siku nne. Aligawa misumeno na nyundo zake kwa watu asiowajua, akaenda Silanga na gunia la vigingi na kamba, akaanza kupima mji. Kila mpangaji wa Kibera angepata nyumba ya mawe, bure, na yeye ndiye angeijenga. Vigingi vyake vilipita katikati ya sukuma wiki za kina mama wa bondeni, na alipokuta mche kwenye mstari aliung'oa. Siku ya kwanza walimcheka. Siku ya pili walikuja na waume zao, na tulimtoa pale akiwa amepasuka mdomo. Jumapili, baada ya ibada, wazee wa chama cha watu wa kwao walikaa chumbani kwangu. Desturi yao ilikuwa kwamba mtu kichwa kikimsumbua mjini, hurudishwa nyumbani. Lakini nani angempandisha Fundi kwenye basi akiwa na mji wa kujenga? Mwenyekiti wao, mtu mpole anayevaa koti hata jua likiwaka, ndiye aliyetoa shauri. Hakuna mwanamume wa kwao anayekataa kwenda kumzika mama yake. Basi aambiwe mama amefariki.

Nilisita. Wakaniambia watamweleza ukweli njiani, na kwamba wakifika watampeleka moja kwa moja kwenye hospitali ya mji wa karibu. "Anakuamini wewe, Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Sisi tukimwambia atabisha. Wewe ukisoma hawezi kubisha." Ilikuwa kweli. Fundi hakujua kusoma, na barua zote za kwao nilimsomea mimi. Nikachukua barua ya zamani iliyokuwa bado kwenye meza yangu, barua ambayo mama yake alimwomba katekista amwandikie, akimwomba mwanawe blanketi. Nikaishika karatasi hiyo mbele ya uso wake, nikafuata mistari kwa kidole, nikamsomea kifo cha mtu aliyeomba blanketi. Aliacha kusema. Alikuwa hajanyamaza siku hizo zote, na sasa alinyamaza, akakaa chini kwenye udongo, akamwomba mkewe, ambaye hatukumwambia shauri letu, shati jeupe.

Hawakumweleza njiani. Hawakumpeleka hospitali. Walishuka naye asubuhi, wakamwongoza mpaka boma la kwao, na mama akatoka jikoni na sufuria mkononi kuwakaribisha wageni. Wale wazee waligeuka na basi la mchana. Naweza kusema nami nilisalitiwa, kwa maana niliahidiwa mambo mawili na halikutimizwa hata moja, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyojisemea. Lakini sauti iliyosoma ilikuwa yangu. Fundi alirudi Gatwekera baada ya miezi mitano, amekonda, ametulia. Alinikuta nafua soksi nje. Alinipa mkono, akanitazama kwa tabasamu ambalo sikulipenda.

"Mama anakusalimu sana, Mwalimu," akasema. "Amesema ukienda kumzika tena, umpelekee lile blanketi."

Mkewe ndiye aliyemwokoa, bila msaada wetu. Alisikia kanisani kwamba kuna kliniki ya magonjwa ya akili ambako mtu huingia na kutoka kwa miguu yake, akamwambia mumewe waziwazi anataka waende wapi na kwa nini, na Fundi akakubali. Daktari aliwaeleza jina la ugonjwa na kwamba ungekuwa naye maisha yake yote, kama vile mwingine anavyoishi na pumu au sukari. Akapewa vidonge vya kila siku, na siku za kurudi kupimwa damu. Hakupona kwa maana ya kuisha, lakini aliishi. Alijenga, akalea watoto. Alijifunza dalili zake mwenyewe: akilala chini ya saa nne siku mbili mfululizo, akianza kazi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, mkewe alimwambia, "Baba, twende kliniki," naye alikwenda hata kama alikuwa anajisikia mzima kuliko wote. Niliwahi kumwuliza anawezaje kutii wakati kichwa kinamwambia vingine. Akasema, "Kwa sababu huyu hajawahi kunidanganya." Barua zake wakati huo zilikuwa zinasomwa na mwenye duka.

Miaka sita hivi baada ya ile Jumapili, mama yake alifariki kweli. Barua ilipokuja, mwenye duka aliisoma, Fundi akacheka. Wazee wa chama walikwenda, akawacheka pia. Wakanijia mimi, ambaye nilikuwa nimekwisha kuhamia Kawangware, nikaenda Gatwekera na barua mfukoni. Nilimkuta anapasua fito. Nilimsomea neno kwa neno, nikaapa kwa watoto wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Mwalimu," akasema, "huyu mama yangu mmemuua mara ngapi?" Akaendelea kupasua. Alikwenda kwao wiki tatu baadaye, alipokuwa na nafasi, akakuta kaburi limeshaanza kuota majani.

Watu walisema ni ule wazimu wake. Nataka uelewe, msomaji, kwamba siku ile alikuwa mzima. Alikuwa amelala vizuri na alikuwa amemeza vidonge vyake. Aliyetukataa alikuwa mtu mwenye akili timamu, aliyekumbuka vizuri. Sisi tulidhani mtu akiwa amepanda hasikii, kwa hiyo tunaweza kumwambia chochote na ugonjwa utakifuta. Haufuti. Kila uongo unaomwambia akiwa mgonjwa anaubeba mpaka siku akiwa mzima, na siku utakapohitaji akuamini ili umwokoe, hutakuwa na neno lililobaki. Naandika haya bila kutaka kukutisha. Nimemwona mtu akiishi na ugonjwa huu zaidi ya miaka kumi, akifanya kazi na kuheshimiwa na watoto wake, na dawa peke yake haikumfikisha hapo.

Basi ikiwa una ndugu, mume, mke au jirani mwenye majira kama hayo, usingoje apande. Wiki hii, akiwa ametulia na amelala vizuri, kaa naye mchana, mwulize ni dalili gani humjia kwanza, ni nani angependa amwambie zikitokea, na ni kliniki ipi angekubali kupelekwa. Siku dalili hizo zikionekana, mwite huyo aliyemtaja, mwambie mgonjwa mnampeleka wapi, kisha mpelekeni hapo hapo mlipomwambia.