Mama Mkwe Alivyopanda Mlima kwa Rivasi

Kristina wa Matombo ameshusha ndizi Morogoro miaka ishirini na mbili kwa pikapu moja ya dizeli, kuukuu hata rangi yake watu huibishania. Hajawahi kuangusha mkungu. Kwa hiyo Ernest, mchumba wa binti yake Janeth, alipofungua kinywa mbele ya chai, Kristina aliweka kikombe chini.

"Mama, unisamehe," alisema kijana, ambaye mjini alisifika kwa kushindanisha magari barabara ya Mazimbu. "Ile pikapu inajipandisha yenyewe. Injini yake hata ikizunguka polepole inavuta. Mpe mbuzi usukani, atafika."

Kristina angecheka, ila kaka yake Yakobo hakucheka. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na pikapu ilitokana na shamba la ukoo.

"Kama ni injini tu," Yakobo akasema, "basi dada, pumzika. Funguo apewe kijana."

Pumzika! Mtu wa miaka sitini na moja, meno yote kinywani!

"Tubadilishane," akasema Kristina. "Yeye apande na pikapu yangu, mimi na kigari chake. Kutoka mtoni mpaka kanisani. Akinishinda, funguo zake."

Jumapili baada ya misa kijiji kizima kilijipanga kando ya njia. Ernest akatangulia, na pikapu ikavuta kama alivyosema. Tatizo lilikuwa moja: mchumba hapiti wakubwa wa ukweni akiwa ameshika usukani. Kwa Bibi Anastasia akasimama, akashuka, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nyumbani wazima? Na ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe, bibi."

"Poleni sana. Walikufa lini?"

Huku chini, kigari kilikuwa na turbo, kile kipuliza cha kuipa injini nguvu, ambayo haiamki mpaka injini ipige kelele, na kwenye mawe yale ukiipigisha kelele unabaki bila tairi. Kilizimika mara mbili. Kristina akakiachia kirudi taratibu hadi penye tambarare, akakigeuza, akaweka rivasi, gia yenye nguvu kuliko zote alizozijaribu. Akapanda mlima makalio mbele, shingo imepinda, akiamkia wazee na kuitikia vijana dirishani. Ukoo ni wake; nani wa kumshusha?

Juu, Ernest alikuwa ameinama kwa mzee Mikaeli pikapu ilipoanza kuondoka. Breki ya mkono ilikufa zamani. Kristina huegesha kwa gia na jiwe, na hakuna aliyemuuliza. Magari mawili yakapishana, yote yanarudi nyuma, moja likipanda, moja likishuka bila mtu.

"Marahaba!" Kristina akaliitikia kwa mazoea.

Kanisani Yakobo alikunja uso. "Kufika kinyumenyume si kufika."

"Nimesimama wapi, kaka? Hapa ni kanisani au Gairo?"

Ernest akatokea mbio, jasho tupu. "Mjomba, nimeshindwa. Injini nilikuwa nayo mimi."

Yakobo akatazama chini kidogo. "Haya. Funguo ni za dada."

"Ziko wapi?" akauliza Kristina.

"Ndani ya pikapu, mama."

"Na pikapu?"

"Kwenye migomba ya jirani Mwinshehe."

Kristina akashuka kwa miguu, akaingia, akaitoa polepole bila kukanyaga hata chipukizi. Yakobo, aliyemfuata, alitaka kukaa mbele. Akaonyeshwa nyuma, panapokaa mikungu.