Aliyeyaacha Maziwa Mezani

Amefariki mtu niliyefanya naye kazi zamani. Mke wake alinipigia simu asubuhi nikichemsha chai. "Shemeji, mwenzako katutoka," akasema. Nikampa pole, kisha nikamalizia kuchemsha chai yangu. Hadi leo sijui ninachohisi. Msibani kwake Kibamba, jirani mmoja alininong'oneza kwamba marehemu alikuwa mtu mwema ila hakuwa mvumilivu, maana alipata kazi ya kiwandani akaiacha mwenyewe. Pale sikumjibu. Namjibu hapa.

Tulikuwa tukisaga chokaa katika kiwanda kimoja upande wa Temeke. Vumbi lilikuwa jingi hata tukatambuana kwa sauti. Tulipoomba barakoa tuliletewa maziwa, pakiti moja kwa kila mtu, kwa kuwa sote, wakubwa na wadogo, tuliamini maziwa husafisha kifua. Mie sikuyanywa. Niliwapelekea wadogo zangu, ambao nilikuwa nawalea tangu wazazi wetu walipofariki nami nikaacha shule. Siku moja mwenzangu aliiweka pakiti yake mezani kwa msimamizi, akamwamkia kwa adabu, kisha akauliza, "Mzee, vumbi linaingilia puani, maziwa tunanywa kwa mdomo. Yatakutana wapi?" Msimamizi akamwambia naye ayanywe kwa pua. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Yeye alivua ovaroli, akaitundika msumarini, akanifuata kwenye mashine.

"Twende, braza."

Nikamwambia nina wadogo.

"Ndiyo maana nakwambia twende. Wana mwingine wa kuwalea?"

Nilibaki, na wadogo zangu wakasoma.

Yeye alikwenda kuziba pancha Kibamba, kazi ya jua kali na kipato kidogo. Kifua kilimsumbua hadi mwisho. Alikuwa ameshachelewa kuondoka. Kiwandani walimwita mvivu, na kesho yake nafasi yake ilishikwa na mtu aliyekuwa akisubiri getini. Hakuna mkubwa aliyetuuliza kwa nini ameondoka. Nadhani hapo ndipo waajiri wengi hupotea. Mtu haachi kazi kwa ghafla kama inavyoonekana. Kwanza huomba, halafu huuliza, halafu hufanya utani, mwisho hunyamaza. Akishanyamaza ameshaondoka, hata kama bado mnamwona kwenye zamu. Nasi majirani tunamalizia kwa kumsema, kana kwamba kuvumilia ni sifa hata pale mtu anapovumilia kuumizwa.

Mdogo wangu wa mwisho ameajiriwa karibuni kwenye karakana ya mbao huko Ukonga. Juzi alinipigia simu, akaniambia wanapaka vanishi madirisha yakiwa yamefungwa, kichwa kinamuuma, na akiomba yafunguliwe wanamcheka. Akaniuliza, "Kaka, nivumilie?" Alijua mie ni mtu wa kuvumilia, ndivyo nilivyomlea. Nikamwambia aache kazi arudi nyumbani, chakula tutakitafuta pamoja.