Matembezi Mepesi ya Koko Beryl

Arlène alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo, na kwao Bukavu kuna adabu moja ambayo mtoto huinyonya pamoja na maziwa: mzee haambiwi hapana. Mzee akisema mvua inanyesha ilhali jua linawaka, wewe unajibu ndiyo, kisha unakwenda kumtafutia mwavuli. Ni adabu nzuri, na mimi sitamcheka mtu kwa kuwa nayo. Lakini iliwaponza watu wawili Randburg, kitongoji cha Johannesburg, na tangu hapo Arlène hajapata usingizi wa maana.

Alifika Johannesburg akiwa bado msichana, akasuka nywele mtaa wa Yeoville mpaka vidole vikamvimba. Mwaka 2015 mama yake alifariki Bukavu. Karatasi zake za ukimbizi hazikumruhusu kwenda na kurudi, basi mazishi aliyasikilizia kwenye simu, amejifungia chooni saluni, huku wateja wakigonga mlango. Hakumwosha mama yake, hakumpaka mafuta, hakumshika mkono siku za mwisho. Jambo hilo lilimkaa kifuani, wala hakuwa na mtu wa kumwambia.

Ndipo Brigitte, dada mmoja wa kanisani, alipomtafutia kazi ya kumtunza bibi wa Kiingereza aliyekuwa akiishi peke yake kwenye fleti huko Randburg. Bibi aliitwa Beryl. Aliletwa Afrika Kusini zamani na mume wake, mhandisi wa migodi, na mume alishazikwa siku nyingi. Wiki ya kwanza tu Arlène alianza kumwita Koko, kama wanavyoitwa bibi na babu kwao. Yule bibi alilipenda jina hilo, akaliitikia kana kwamba alibatizwa nalo.

Koko Beryl alikuwa anasahau. Alisahau kama amekula, alisahau jina la mjukuu wake, alisahau kuwa mumewe amekufa, na kila alipokumbushwa alifiwa upya. Kitu kimoja tu hakukisahau: matembezi ya kijijini kwao, Hollowmere. Alikuwa na kijitabu chembamba chenye madoa ya chai, kilichoandikwa na akina mama wa kanisa la huko kwa ajili ya wageni. Arlène alimsomea kila asubuhi kwa Kiingereza chake cha Yeoville, na Koko alikuwa akimtangulia kwa maneno aliyoyajua kwa kichwa.

"Anza kwenye lango la kanisa. Pita shamba la Bwana Pryce, ukishika ukingo wa kulia. Panda vidaraja vya mbao vya kuvukia ua, ushuke upande wa pili. Fuata kijito mpaka kwenye kinu cha zamani. Funga kila lango nyuma yako. Matembezi haya ni mepesi, yanawafaa wazee na watoto."

"Na huyo Bwana Pryce hakasiriki watu wakipita shambani kwake?" Arlène aliuliza siku moja.

"Akasirike kwa nini? Shamba ni lake, njia ni ya watu. Haruhusiwi kuifunga."

Arlène alicheka mpaka akashika ubavu. Kwao ukikatiza maharage ya mtu utaelezwa ukoo wako mzima. Na hapa Johannesburg ndiyo usiseme: ukuta, juu ya ukuta nyaya za umeme, nyuma ya ukuta mbwa, mbele ya mbwa mlinzi. Nchi gani hiyo, alijiuliza, ambayo mtu anapita uani kwa mwenzake na kazi yake ni kufunga lango tu?

Basi wakawa wanatembea. Nyuma ya fleti kulikuwa na kijito chembamba, na kando yake njia ya udongo waliyoitumia watu wenye mbwa. Koko alishika mkono wa Arlène, fimbo mkono wa pili, akalitandika Hollowmere lote juu ya Randburg. Geti la fleti lilikuwa lango la kanisa. Kile kibanda cha pampu ya maji machafu, chenye harufu yake, kilikuwa kinu cha zamani. Ndege wa hadida waliopiga kelele juu ya paa walikuwa kunguru wa kasisi.

"Kile ni kinu, siyo?"

"Ndiyo, Koko."

"Kimechakaa sana."

"Kimechakaa, Koko."

Wakirudi walikunywa chai. Mashavu ya Koko yalikuwa mekundu, alikula vizuri, alilala kama mtoto. Na Arlène, nasema bila kuficha, alikuwa na furaha. Mkono ule mkavu uliojaa mishipa aliushika kana kwamba ndio ule wa mama yake alionyimwa.

Mtoto wa Koko, Bwana Martin, alifanya kazi benki huko Sandton. Alikuja Jumamosi na maua na wasiwasi wake. Si mtu mbaya, tusimzulie. Alimwita Arlène jikoni, akamwambia: "Siku mama akipotea, nitampeleka kwenye nyumba ya wazee yenye ukuta na mlango wa kufuli. Sitakuwa na la kufanya. Kwa hiyo tafadhali usimkubalie kila kitu. Mwambie ukweli kwa upole. Mwambie hapa ni Randburg."

"Ndiyo, Bwana Martin," alisema Arlène. Naye alikuwa mkubwa wake, angejibu nini kingine?

Hata hivyo alijaribu. Jumatatu, walipofika kwenye pampu, alipiga moyo konde akasema, "Koko, hiki si kinu. Hapa ni Randburg, Johannesburg." Yule bibi alisimama. Alitazama kijito, akatazama uzio wa waya ng'ambo, akatazama mikono yake mwenyewe kama mikono ya mgeni. Kisha akaanza kulia, machozi ya mtu aliyeogopa. "Basi nyumbani ni wapi? Nitarudi vipi?" Siku hiyo hakugusa chakula. Arlène akaapa moyoni kwamba hatarudia ukatili ule.

Ng'ambo ya kibanda cha pampu palikuwa na uzio wa nyumba nyingi za kupangisha, zimefungiwa pamoja kwa waya na geti moja la mbele na moja la nyuma. Koko alikuwa akipanyooshea fimbo. "Njia inapita pale mpaka upande wa pili, siyo?"

"Inapita, Koko. Lakini leo tumechoka."

Kila siku walikuwa wamechoka.

Asubuhi moja ya Agosti 2018, baridi kavu, nyasi zote zimekuwa njano, Arlène alishuka kuanika mashuka. Hakukawia. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu, koti halipo, fimbo haipo. Aliita chumba hadi chumba, akaita ngazini, kisha akatoka mbio na ndala zake, roho mkononi.

Kwenye pampu hakuwepo. Basi akakimbilia kwenye geti la zile nyumba. Mlinzi alikuwa kijana mwembamba, jina Cédric lipo kifuani. Arlène alimwuliza kwa Kiingereza. Lafudhi ilimsaliti, na kijana akamjibu kwa Kiswahili cha kwao.

"Dada, ule muzee muzungu? Alipita hapa. Miye njo nilimufungulia."

"Ulimufungulia? Ako wapi sasa?"

"Aliniambia njia ni ya bantu bote, ya kila mutu, inapita mpaka kule. Nikamupeleka mpaka ku mulango ya nyuma, nikamufungulia na kule. Akaniambia nifunge vizuri." Hapo akaona uso wa Arlène ulivyobadilika. "Dada, muzee akikuambia fungua, utamukatalia namna gani?"

Arlène alilishika geti. Angempa jibu gani, yeye?

"Nifungulie nipite na mimi. Nyuma kule kuna barabara kubwa!"

Cédric akaangalia juu, kwenye kamera. "Weye siwezi. Wakiona nimekuingiza bila jina ya mwenye nyumba, kazi imeisha. Eish, dada, samahani. Zunguka tu, kimbia."

Ndivyo ilivyokuwa. Bibi mzungu mwenye koti zuri alipita mageti mawili kwa heshima zote, na aliyelipwa kumshika mkono akaachwa nje ya waya. Arlène alizunguka. Uzio ule ulikuwa mrefu, hauishi, na alikimbia huku akisema jina la Mungu na jina la Koko bila kupumzika kati yake.

Alimkuta kwenye robot, zile taa za barabarani. Alikuwa ameteleza kwenye ukingo wa barabara akianza kuvuka. Watu wamemzunguka; mama mmoja anayechoma mahindi alikuwa amevua shuka lake begani na kumfunika. Mguu ulikaa vibaya, hata mtoto angejua umevunjika. Koko alikuwa mweupe kama unga, lakini alipomwona Arlène alitabasamu, kwa fahari kabisa.

"Nimefunga malango yote," alisema.

Hospitalini Bwana Martin hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa karibu na Arlène kwenye viti vya plastiki, akauliza taratibu, "Mama anasema wewe ndiye uliyemwambia kwamba njia inapita pale. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini, Arlène?"

Alitaka kueleza. Alitaka kusema habari za kwao, na yale machozi ya siku ile kwenye pampu, na simu chooni saluni. Kiingereza chote kikamkimbia. Akatikisa kichwa tu, na Bwana Martin akafikiri hajali.

Koko alipelekwa kwenye nyumba ya wazee, pasafi, pana ukuta, mlango unafunguliwa kwa namba. Arlène alirudi Yeoville kusuka nywele. Brigitte alimwambia amwachie Mungu. Akajaribu, ikamshinda, na mwezi wa kumi akapanda taksi mbili akaenda kumwona.

Koko alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, amepungua, nguo zinampwaya. Hakumwita Arlène kwa jina, lakini mkono aliujua. Aliushika akauweka shavuni. Nje kulikuwa na bustani ndogo na ukuta.

"Wewe ndiye tunayetembea naye," alisema Koko.

"Ndiyo, Koko."

"Tutakwenda kesho?"

Arlène alijua. Sitaki mtu aseme hakujua. Alijua mguu ule hautasimama tena, alijua namba za mlango hazijui, alijua kesho ana vichwa vya watu vya kusuka tangu asubuhi. Alimtazama yule mzee machoni, na kilichotoka ni kile kile.

"Ndiyo, Koko. Kesho."

Wiki haikuisha, sista, muuguzi wa ile nyumba, akampigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililommaliza Arlène. Alisema Bi Beryl anakataa kubanduka pale mlangoni. Wakimwondoa anapiga mayowe. Amevaa koti, amewalazimisha wamvalishe viatu, hataki kula asije akachelewa. Anasema kuna mtu anakuja. Wamemweleza kila namna, hasikii. Je, Arlène angekubali kutokuja tena, ili mzee asahau?

Arlène alisimama katikati ya saluni, kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Akamwambia sista sawa, hatakuja. Akauliza kama anaweza kuongea na Koko kidogo tu, amwambie asingoje. Sista akasema wameshajaribu kumpa simu mara nyingi. Anaikataa, anasema ana haraka, mwenzake yuko njiani.